Mwanamke Aliyekwama Mlangoni

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Wifi hajambo? Na watoto? Waambie shangazi yao yu mzima, ila amekonda kidogo kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye hayupo duniani.

Ndani ya bahasha hii kuna sura kumi za riwaya. Usishtuke. Najua nilikuambia ni kijihadithi ninachokichezea tu. Nimekichezea miaka miwili, kikafika kurasa mia na ishirini na sita. Karani wa stoo hapa kazini ananiruhusu kutumia kompyuta yake saa ya chakula, ndipo ninapozipiga chapa. Ningekupigia simu kukueleza, lakini wewe kwenye simu unasema "haya, haya, haya" halafu unakata.

Ukisoma utajua mara moja ni nyumba gani ile. Mlango wa mbao unaovimba mvua ikinyesha, baba asiyecheka, mvulana wa miaka kumi na mitatu, msichana wa miaka mitano. Na mwanamke anayefunga mizigo yake. Sikumpa jina, lakini ni mama. Nataka kuandika jinsi alivyotuacha asigeuke nyuma, maana hakuna mtu aliyewahi kunieleza, na mimi nilikuwa kitandani na surua.

Sura kumi zilikuja zenyewe, kaka. Nilikuwa naamka kabla ya kwenda kazini na maneno yananisubiri. Sasa nipo sura ya kumi na moja, ukurasa wa mia na ishirini na saba, na mwanamke amesimama mlangoni, begi mkononi. Hatoki. Wiki ya tatu hii. Nimemtoa kwa mvua, nimemtoa kwa jua, nimemtoa akilia na nimemtoa akiimba. Nikisoma asubuhi yake naona ni uongo mtupu, nafuta, naye yuko pale pale.

Hapa chumba cha kushonea cha hospitali tuko wawili tu. Mimi napindia mashuka na kutia viraka magauni ya wagonjwa, Mama Pasi ananyoosha. Kila asubuhi ananiuliza, "Ametoka?" Namjibu bado. "Mtu gani huyo, wiki tatu kasimama? Miguu haimuumi?"

Wewe umesahihisha vitabu vya watu miaka ishirini na zaidi. Niambie watu wanavukaje katikati ya kitabu.

Mdogo wako,
Chiriku


15 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Sote wazima. Wifi yako anasema ukikonda zaidi atakuja kukulisha kwa kijiko.

Nimesoma zote kumi kwa siku mbili. Hapa kiwanda cha uchapaji nilikuwa nimewekewa kitabu cha ufugaji wa kuku nikisahihishe, nikakisukuma pembeni. Nimekuta mikato arobaini na moja isiyo mahali pake na sikuigusa. Kalamu nyekundu niliiweka mfukoni. Pale msichana anapohesabu nyufa za ukuta na kuzipa majina, ilinibidi nitoke nje nikasimame karibu na mapipa ya wino. Tangu ulipokuwa mdogo tukakuita Chiriku kwa kutonyamaza, nilijua maneno hayo yote yanakwenda mahali.

Kuhusu katikati, nitakuambia nilichokiona. Waandishi wengi wanaoleta kazi kwetu huanza kama mtu anayekimbia mteremko. Wakifika katikati wanaanza kusoma walichoandika jana, na hapo ndipo wanapozama. Usisome ya jana. Acha kuandika ukiwa katikati ya sentensi, ili kesho uwe na pa kushika. Jiwekee kurasa mbili kwa siku, mbaya au nzuri. Takataka inasahihishika, ukurasa mweupe haurekebishiki.

Na huyo mwanamke mruke. Nenda moja kwa moja kwa watoto wakiwa wakubwa. Au mwue. Sisemi kwa ubaya. Anatoka nje, lori linakata kona, breki zinagoma, basi. Msomaji analia, nawe unaendelea na safari yako. Mwandishi wa kuku yeye hana shida: akimaliza magonjwa anaingia kwenye dawa.

Endelea. Usisimame.

Kaka yako


2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimefanya yote uliyosema.

Kurasa mbili kwa siku, nimeandika siku kumi na moja. Kurasa ishirini na mbili za watu wanaopika chai na kutazama dirishani. Niliacha katikati ya sentensi kama ulivyoniagiza. Kesho yake nikaikuta imeandikwa "akanyoosha mkono wake na", nikakaa saa nzima sijui alikuwa ananyoosha mkono kwa nani. Nimewarusha watoto mpaka ukubwani, wakawa wanaongea kama matangazo ya redio.

Nikamjaribu na lori pia. Mama Pasi nilipomsomea aliweka pasi chini, akasema, "Lori? Mtu umemhangaikia kurasa mia halafu unampa lori?" Nikachana.

Lakini nikawaza: kwa nini unataka afe? Mama hakufa siku ile. Alifunga mlango akaenda zake. Ninachokihitaji ni kile alichokifanya hasa, na mtu pekee aliyekuwapo ni wewe. Baba amekwenda na yake kaburini. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, kaka, si mtoto wa kunyonya. Alisema nini? Alikubusu? Alitazama nilipolala?

Niandikie hata mistari mitatu. Nitaiweka kama ilivyo, nayo itanivusha. Nimeanza kuogopa. Nikifungua daftari asubuhi mwili unakuwa mzito kama mashuka yaliyotoka kwenye maji. Najiambia labda nilikuwa na sura kumi tu ndani yangu, basi zimekwisha.

Chiriku


20 Machi

Chiriku,

Nilikuwa shuleni. Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Hakuna zaidi ya hapo.

Usichimbe sana. Riwaya si ripoti ya polisi. Tunga. Wewe ni mwandishi, wajibu wako ni kutunga.

Kazi ni nyingi, nisamehe kwa ufupi.

Kaka yako


9 Aprili

Kaka!

Shikamoo, na kaa chini kabla hujafungua hiyo bahasha nyingine. Ametoka!

Barua yako ilinikasirisha. Niliisoma nimesimama kwenye foleni ya maji, nikairudia, na nilipofika nyumbani nikafungua daftari kabla ya kutua ndoo. Nikajiambia: vizuri, kama hakuna zaidi ya hapo, basi aliondoka tu, hakuna aliyemshika mkono, hakutazama nilipolala. Nikaandika hivyo. Anafungua mlango, anatoka, hageuki. Mistari minne. Baada ya kumbembeleza miezi miwili, alichotaka ni kuchukiwa.

Tangu hapo sijashika breki. Kurasa hamsini na nane kwa siku kumi na nane! Anafika mji mwingine, anauza viatu, anaolewa na mtu mcheshi, anazaa watoto wengine na kuwaimbia nyimbo zetu zile zile. Sura ya kumi na nne ndiyo ninayoipenda: miaka imepita, anapita karibu na shule, anamwona binti yake langoni, sare imechanika bega. Anamtambua. Anavuka barabara kwenda upande wa pili.

Nililia nikiiandika, lakini mkono haukusimama. Mama Pasi anasema sasa nashona kama nagombana na cherehani. Kumbe siri ya katikati ni hasira, na hakuna aliyeniambia.

Soma haraka. Nakusubiri wewe ndipo niingie mwisho.

Chiriku wako


3 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama bahasha ilifika. Nilikupigia mara tatu. Mara mbili hukupokea, mara ya tatu ulisema uko kwenye mashine husikii, ingawa mimi sikusikia mashine yoyote.

Nimesimama tena. Nilikuwa nangoja neno lako, na katika kungoja nikafanya ulichonikataza: nikasoma ya jana. Nikazisoma zote hamsini na nane. Kaka, huyu mwanamke si mtu. Ni sanamu niliyoichonga ili niitupie mawe. Hakuna mama anayemwona mwanawe na bega wazi akavuka barabara hivi hivi. Nilijua nilipokuwa naandika, nikajifanya sijui kwa sababu kalamu ilikuwa inakimbia.

Hasira imekwisha na sina kingine cha kutilia humu. Niambie kitu. Hata useme ni mbaya.

Chiriku


12 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu, mimi niliyezoea kuandika orodha ya sokoni tu. Kaka yako hajui kama naandika.

Bahasha yako ilifika siku nyingi. Alianza kuisoma mezani, mchana wa Jumapili, watoto wakicheza nje. Nilimwona anatabasamu mwanzo mwanzo. Kisha akafika ukurasa fulani na hakufungua mwingine. Nilipita nikapita tena, ukurasa ni ule ule. Nikamwambia, "Chakula kinapoa." Akasema, "Haya." Hakula.

Tangu siku hiyo karatasi ziko palepale, juu yake kaweka miwani. Anaamka, anakaa mbele yake, anakwenda kazini. Wiki iliyopita msimamizi wake alipiga simu kuuliza kama ni mgonjwa, maana kuna kitabu kimechapwa chote na jina la mwandishi limekosewa kwenye jalada. Kaka yako! Mtu anayesahihisha hata maandishi ya paketi ya chumvi!

Nilimuuliza, "Mdogo wako kakutukana humo?" Akanijibu, "Hapana. Kaniamini."

Sikuelewa, na hakutaka kunifafanulia. Kama kuna jambo kati yenu, nakuomba umwandikie kwa upole.

Wifi yako


21 Mei

Kaka,

Nimejaribu kuandika kwa upole na nimeshindwa.

Kama kazi yangu ni mbaya, sema mbaya. Umewasahihisha wapumbavu wangapi? Kila mmoja ulimpa maoni yake. Mwandishi wa kuku amepata maoni yake. Mimi ninapata kimya, na kupitia kwa wifi naambiwa nimekuamini. Hiyo ni lugha gani?

Riwaya nimeiacha. Nimeifunga kwa utepe wa kupindia nikaitia kwenye sanduku la vipande vya shuka, chini kabisa. Mama Pasi aliuliza, "Ametoka?" nikamwambia amekufa. Siku nzima akanyoosha magauni, akanyoosha. Mwishoni akasema, "Pole." Kama mtu anayekuja msibani.

Na ni msiba, kaka. Watu wanaona ni karatasi tu. Lakini mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa asiye na mume wala mtoto, na kila siku napindia mashuka watakayofia watu nisiowajua. Miaka miwili nilikuwa na mahali pa kwenda kabla ya kwenda kazini. Sasa naamka saa ile ile, nakaa kitandani, natazama ukuta. Sina pa kwenda.

Usinijibu kama huna la kusema.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Si mbaya. Ni nzuri mpaka sikuweza kuipita. Niliishia pale anapovuka barabara.

Nitakuandikia sasa na sitarudi nyuma kusahihisha, kwa sababu nikisahihisha nitafuta.

Siku aliyoondoka ni kweli nilikuwa shuleni. Hilo sikukudanganya. Baba alimtolea begi nje mbele ya majirani, na mama akamwambia, "Nakwenda kutafuta pa kukaa, nitarudi kuchukua watoto wangu." Jirani ndiye aliyenisimulia. Hakutuacha, Chiriku. Alitolewa.

Na alirudi.

Ilikuwa siku ya tisa, saa sita mchana. Baba yuko kazini. Mimi sikwenda shule kwa sababu surua ilikuwa imekubana na hakukuwa na mtu wa kukaa nawe. Siku tisa nilikuwa nakukanda kwa kitambaa, nakupikia uji unautapika, na kila ukifumbua macho unasema, "Mama." Kila mara. Mimi niliyekuwa pale hukuniita hata mara moja. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimemchukia kwa namna ambayo mtoto tu anaweza kuchukia.

Akabisha hodi. Nikaijua sauti. Nilikwenda kwanza kufunga mlango wa chumba ulimolala, usije ukasikia. Nataka ulijue hilo. Nililifikiria kwanza. Kisha nikaja mlango mkubwa nikashika komeo.

Akasema, "Fungua, mwanangu."

Nikasema, "Baba kasema usiingie." Baba hakuwa amesema kitu. Baba hakuwa ameongea nasi siku tisa.

Akauliza, "Mdogo wako anaendeleaje?"

Nikasema, "Hajambo. Anacheza. Hakuulizii."

Mlango ulikuwa na uwazi chini, nikaiona miguu yake. Vumbi mpaka kwenye vifundo; alikuwa ametembea mbali. Akauliza tena, taratibu, "Hata mara moja?"

Nikasema, "Hata mara moja."

Alikaa pale muda mrefu. Mimi pia sikuondoka. Nilikuwa namngoja aseme neno moja tu la kunihusu mimi, aulize mimi nimekula nini, nami ningefungua. Naapa ningefungua. Halafu akasema, "Basi mwambie..." na hakumalizia. Miguu ikageuka.

Ulikuwa unamwita chumbani wakati huo huo. Sauti ilikuwa imekukauka, haikufika.

Lipo na jingine, na baada ya hili sina zaidi. Nilipofika miaka thelathini nilimtafuta. Nilichukua likizo nikamwambia wifi yako, tulikuwa tunachumbiana wakati huo, kwamba naenda kwenye mafunzo ya kazi. Nilimpata mwanamke aliyekuwa anafua naye nguo kwenye hoteli moja. Akanionyesha kaburi. Alikuwa amefariki miaka minne kabla. Hakuolewa tena. Hakuzaa wengine. Nilirudi nikakuambia nimekuletea zawadi ya kitambaa, ukafurahi.

Nilikuambia umwue kwa lori kwa sababu mtu aliyekufa njiani hawezi kurudi kubisha hodi. Nilijua kwa nini kalamu yako inakataa. Nilijua tangu barua ya kwanza. Nikakupa maoni kuhusu kurasa mbili kwa siku.

Kaka yako


19 Juni

Chiriku,

Nimepiga simu kazini kwako. Mama Pasi alipokea, akasema, "Yupo, anashona," akakata.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba unitukane tu, nijue kalamu unayo.

Kaka


14 Julai

Mdogo wangu,

Wifi yako nimemweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuwaogesha watoto, na tangu siku hiyo ananiongelesha mambo ya nyumba tu.

Ukitaka nije, nitakuja. Nitachukua likizo wiki yoyote utakayotaja.

Kaka


30 Agosti

Kaka,

Barua yako ndefu ya Juni niliisomea stoo, nimekaa juu ya marobota ya mashuka mapya. Karani alinikuta baadaye, akafunga mlango kwa nje ili watu wasiingie. Wiki ile nilikwenda kazini kila siku na sikumbuki hata siku moja. Mama Pasi anasema nilishona magauni kumi na mawili yasiyo na tundu la kichwa.

Umenizikia mama mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mgonjwa, lakini mara ya pili nilikuwa mzima, nina miaka ishirini na miwili, nimekaa mbele yako nakushukuru kwa kitambaa. Ile ya kwanza nikijitahidi naweza kuifikia. Mvulana amechoka, hajala, hakuna anayemwita jina. Ya pili siifikii. Nikiikaribia miguu inakataa.

Kurasa hamsini na nane nimezichoma jikoni. Nilimtukana mtu aliyekufa akiamini simtaki, na sina mahali pa kwenda kumwambia. Wewe angalau ulimwona miguu.

Umesema unataka kujua kama kalamu ninayo. Ninayo. Sikutaka, lakini mwanzoni mwa mwezi huu niliamka saa ile ile, nikachoka kutazama ukuta, nikalitoa sanduku. Mwanamke akatoka mlangoni bila shida. Aya moja. Alikuwa anakataa kutoka kama mtu asiyerudi, na nilikuwa namlazimisha. Nikamtembeza siku tisa, nikampaka vumbi, nikamrudisha, akabisha hodi.

Sasa nimekwama kwa mvulana. Yuko nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, na nikimfungua mdomo hasemi. Namwandikia maneno yako yale yale, anakataa kuyasema. Nikitaka awe mbaya anakuwa na shingo yako ulipokuwa ukinibeba mgongoni kunipeleka zahanati, jasho likikutiririka na unanidanganya kuwa tumekaribia. Nikitaka awe mwema, namsikia yule mtoto chumbani. Naandika mistari miwili, nafuta mitatu. Hii ndiyo katikati, nadhani. Mara hii hakuna wa kumuuliza watu wanavukaje.

Sijui kama nitamaliza. Nakuambia kweli, siku nyingi nadhani hapana. Lakini naona ni lazima nifike mahali ambapo huyu mvulana anaweza kusema alichosema nami bado nibaki naye mle ndani, nisimkimbie. Kama siwezi kwenye karatasi, ana kwa ana sitaweza kabisa.

Kwa hiyo usichukue likizo. Usije. Ukija utabisha hodi, na mimi nitakufungulia, kwa sababu ndivyo nilivyo. Sitaki kukufungulia bado.

Msalimie wifi na watoto.

Nipo ukurasa wa mia na thelathini na mbili.

Mdogo wako